Usimuuzie Mteja Wati, Muulize Chumba Chake



Leo naomba tuongee ukweli, hasa sisi tunaouza vifaa vya umeme kwenye Instagram, Facebook na statasi za WhatsApp. Najua humu kuna wauza viatu, vipodozi na vyombo vya jikoni pia. Nanyi someni tu, ugonjwa ni uleule, dawa ndiyo inabadilika jina.

Msimamo wangu ni huu: muuzaji wa sabufa na homu thieta anayeandika "WATI 10,000, MZIKI MNENE, BEI NJOO INBOKSI" anajichimbia shimo mwenyewe. Leo atauza, kesho atarudisha hela. Mimi niliandika hivyo karibu miaka miwili, ndiyo maana naongea.

KILICHONIKUTA

Nipo Morogoro mjini. Nilianza kama winga. Mzigo sio wangu, duka sio langu, picha napewa na muuzaji wa jumla Kariakoo. Mimi naposti, mteja akilipa mzigo unapakiwa kwenye basi mpaka stendi ya Msamvu, pale unaunganishwa kwenye gari nyingine mpaka kwake. Mizigo mingi niliyouza sikuwahi hata kuigusa.

Siku moja akanipigia mzee mmoja wa upande wa Mgeta, huko juu milima ya Uluguru. Ana kibanda umiza, anaonyesha mpira na picha za kutafsiriwa, kiingilio mia tano. Anataka mziki wa kujaza banda. Nikamuuliza bajeti, akasema laki nne. Basi, mahojiano yakaishia hapo. Nikamtafutia risiva iliyotumika ya kampuni kubwa, imetoka Marekani, pamoja na transfoma ndogo ya kushusha umeme. Laki tatu na themanini. Mimi nikabaki na elfu arobaini na tano, nikafurahi.

Siku za mwanzo mziki ulipiga safi. Ikaja Jumamosi ya Simba na Yanga. Banda limejaa, sauti ikapandishwa, kabla hata ya mapumziko transfoma ikaanza kunuka. Ikaungua, na katika kuungua ikapitisha umeme wote kwenye risiva. Moshi. Watu wakadai viingilio vyao. Wengine wakahamia banda la jirani, na wiki iliyofuata hawakurudi.

Mzee hakunitukana. Alinipigia jioni, nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, halafu akasema: "Mwanangu, wewe uliniuliza nina shilingi ngapi. Hukuniuliza kitu kingine."

Nilipompigia muuzaji wa jumla akaniambia mali iliyotumika haina garantii. Sikuwa na la kujibu, maana hata mimi nilikuwa sijamuuliza chochote. Nikamrudishia mzee hela yake kutoka kwenye mtaji wangu, kwa mafungu, miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe: nilikimbilia faida ya elfu arobaini na tano, nikalipa laki tatu na themanini.

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ya kuuza. Haya ndiyo niliyojifunza.

WATI ZA KWENYE BOKSI NI ZA KUPAMBIA BOKSI

Zile namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda kinaipiga hesabu kinavyotaka. Namba yenye maana ni RMS, ile nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Sabufa ya "wati 10,000" unaweza kuikuta RMS yake ni wati 50 au 60.

Kama RMS haijaandikwa, geuza mashine usome kibati cha nyuma. Kuna sehemu inaonyesha inakula umeme kiasi gani. Ikiandikwa wati 60, maana yake inachota wati 60 ukutani. Haiwezi kula 60 ikatapika 10,000. Kwenye mdundo wa ghafla inaweza kuzidi kidogo, ila elfu kumi ni hadithi ya sungura na fisi.

Halafu hili wengi hatulijui: hata wati za kweli zikiongezeka mara mbili, sauti haiongezeki mara mbili. Inapanda desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili mtu asikie sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Ndiyo maana spika yenyewe ina umuhimu kuliko wati. Spika yenye desibeli 90 ukiipa wati 50 inapiga sawa na spika ya desibeli 87 uliyoipa wati 100. Namba hiyo ya desibeli huwa ipo kwenye karatasi ya maelezo. Sisi tunaitupa na boksi.

Na tusisahau, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiandika wati 10,000 kwenye posti yako, hiyo ni kauli yako, sio ya kiwanda tena.

MASWALI MATANO KABLA YA BEI

Sasa hivi mteja akiuliza "bei gani?", namjibu kwa heshima, nampa kiwango cha chini na cha juu, halafu namtumia maswali matano. Yachukue, yageuze yaendane na bidhaa yako.

1. Chumba kina hatua ngapi kwa ngapi, na juu kuna dari au bati tupu?

Watu hawana futi kamba nyumbani, lakini miguu wanayo. Sebule nyingi za nyumba za kupanga huku Kihonda, Mji Mpya na Bigwa hazizidi futi 12 kwa 12. Chumba kama hicho sabufa ya kawaida yenye spika mbili, ile ya 2.1, inakitosha na chenji inabaki.

Dari ni swali la maana sana. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na bati bila dari kinarudisha sauti kila upande, maneno yanachanganyikana. Mteja atakuambia "spika zinakoroma", kumbe ni chumba. Mwambie aweke zulia, pazia nzito na masofa ya kitambaa, kisha asikilize tena. Kwa watu wa Kinole na Tegetero, upande wa mashariki wa mlima ambako mvua ni nyingi kuliko kule Mgeta, bati bila dari wakati wa mvua linameza mziki wowote. Huyo mteja hela yake ya ziada aiweke kwenye dari, sio kwenye wati.

2. Utasikiliza nini hasa?

Hapa ndipo tunapowauzia watu vitu wasivyohitaji. Homu thieta ya 5.1 ina spika tano na sabufa moja. Ya katikati ndiyo inabeba mazungumzo, mbili za mbele zinabeba mziki, mbili za nyuma zinaleta vishindo vya pembeni na nyuma. Ila ili zile za nyuma zifanye kazi yake, picha yenyewe lazima iwe imerekodiwa hivyo, na iletwe hivyo mpaka kwenye mashine.

Sasa jiulize mteja wako anaangalia nini. Picha za kutafsiriwa alizowekewa kwenye flashi, zile za mtindo wa Lufufu kwetu au DJ Afro kule Kenya, kwa kawaida zimebanwa zikawa na njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Nyimbo za kwenye simu kwa Bluetooth, njia mbili. Mpira anaofuatilia, anataka kumsikia mtangazaji vizuri. Mteja wa namna hii ukimuuzia 5.1, spika za nyuma zitarudia tu kilichopo mbele. Mpe spika mbili nzuri na sabufa.

Mwenye diski au anayelipia huduma za filamu zenye sauti ya 5.1, na ana chumba cha peke yake cha kuangalia, huyo ndiye wa risiva na spika tano. Wapo, tena Morogoro wapo. Wakija, wahudumie vizuri.

3. Umeme wako ni upi?

Wa TANESCO, wa sola, au wa jenereta? Kama ni TANESCO, uko mwisho wa laini ambako taa zinafifia jioni? Huyo muuzie na stabilaiza, au mwambie ukweli kwamba bila hiyo utaonana naye tena.

Kwa wa sola piga naye hesabu. Betri ya volti 12 yenye 100Ah ina nguvu ya wati-saa 1,200. Betri za maji na asidi hazipendi kukaushwa, kwa hiyo tumia nusu, 600. TV ya wati 40 na sabufa ya wati 60 ni wati 100. Hapo anapata saa 6, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta, kama saa 5. Mpira na picha moja, betri imekwisha. Sabufa inayoingiza volti 12 moja kwa moja inamfaa zaidi, maana haipiti kwenye inveta. Hesabu hii inachukua dakika mbili, na mteja ataikumbuka muda mrefu.

4. Nitumie picha ya nyuma ya TV yako.

TV nyingi mpya hazina tena yale matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti. Zina HDMI iliyoandikwa ARC, na tundu la waya wa mwanga, lile linalowaka taa nyekundu. Sabufa nyingi za bei ya kawaida zina matundu mekundu na meupe tu. Ukiuza bila kuangalia, usiku huo utapigiwa: "Kaka, mziki wako hauingii." Kuna kifaa kidogo cha kugeuza sauti, kiuze pamoja. Picha moja tu inakuokoa.

5. Nani yuko upande wa pili wa ukuta?

Wengi wetu tunaishi nyumba za wapangaji wengi. Besi haizuiliwi na ukuta wa tofali moja. Mteja akigombana na mwenye nyumba, mziki utarudi kwako au utauzwa nusu bei kwenye grupu hilohilo unaloposti. Mshauri asiweke sabufa kwenye kona, maana kona inaongeza mvumo, na aiinue kidogo kutoka sakafuni. Ukimwambia hivyo kabla hajalipa, ataona unamjali, na kweli unamjali.

RISIVA ILIYOTUMIKA: FUNGUA MACHO

Kwanza, mteja akisema "nataka risiva", muulize anamaanisha nini. Kwa watu wengi risiva ni king'amuzi cha TV. Nimeshawahi kujadiliana bei na mama mmoja nusu saa nzima, mimi naongelea mashine ya mziki, yeye anaongelea cha dishi.

Pili, volti. Umeme wetu ni volti 230. Marekani ni 120, Japani ni 100. Risiva nzuri kabisa za Yamaha, Denon, Onkyo na Sony zinazokuja kama mitumba kutoka nchi hizo zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa umeme wa kwao. Ukiona plagi ya meno mawili bapa, simama. Soma kibati cha nyuma. Kikionyesha 220 mpaka 240, endelea. Kikionyesha 120 au 100, lazima iwe na transfoma ya kushusha, na transfoma hiyo iwe na uwezo kuzidi umeme unaoliwa na risiva. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Risiva ya mzee ilikuwa inaweza kula zaidi ya wati 300, transfoma niliyompa ilikuwa ya 100. Kwa sauti ndogo ilistahimili, kwa sauti ya Simba na Yanga ikashindwa. Siku hizi risiva ya volti 120 siuzi kabisa. Ukiamua kuuza, andika kwenye posti wazi wazi.

Tatu, omu. Nyuma ya risiva huwa imeandikwa inakubali spika za omu ngapi, mfano 6 mpaka 16. Wenye vibanda umiza wanapenda kuunganisha spika nyingi kwenye tundu moja. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Risiva inapata moto, inajizima, au inakufa. Mwambie mteja kabla.

Nne, waya. Mara nyingi "besi haipo" ni spika moja imeungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Kabla hujasema rudisha mzigo, mwombe akupigie video umwelekeze. Nimeokoa mauzo kadhaa kwa njia hiyo.

MZIGO WA MLIMANI

Barabara za kupanda Mgeta, Kinole au Matombo mnazijua, wakati wa mvua ndio kabisa. Spika ya mbao inayosafiri juu ya gari na magunia ya kabichi inahitaji kufungwa zaidi ya boksi la kiwandani. Mimi nafunga kwa nailoni kwanza kwa ajili ya maji, kisha godoro chakavu kwenye kona, kisha boksi. Inaniongezea kama elfu tatu, naiweka kwenye bei wazi. Halafu napiga video mashine ikiwa inalia kabla sijaifunga, na kibati cha nyuma kikionekana. Video hiyo inamlinda mteja, na inanilinda mimi pia. Winga mwenzangu, kama huna uwezo wa kuigusa mali, mwambie muuzaji wako akupigie video hiyo. Akikataa, umeshajua.

"MBONA JIRANI ANAUZA KWA WATI NA ANAJAZA ODA?"

Najua mtaniuliza. Na sitawadanganya, wateja wengine nawakosa. Kuna kijana alitaka wati elfu kumi, nikamwambia ukweli, akaniona mshamba, akanunua kwa mwingine jioni ileile. Inauma, hasa siku ambayo hujauza kitu na kodi ya chumba inakaribia.

Lakini chukua mfano huu. Dada mmoja mwalimu alikuja anataka 5.1 kubwa kwa ajili ya sebule yake Kihonda. Hiyo ningeiuza nikapata faida ya elfu sabini. Nikamuuliza maswali yangu matano. Sebule ndogo, bati bila dari, mwenye nyumba anaishi ukuta wa pili, na anachoangalia ni tamthilia na nyimbo za injili. Nikamuuzia sabufa ya laki moja na themanini na tano, faida elfu thelathini, nikamwambia hela iliyobaki anunue zulia na pazia. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Kwa muda wa miezi miwili akaniletea walimu wenzake watatu. Faida ya jumla ikawa laki moja na ishirini, hakuna aliyerudisha mzigo, na sikulipia tangazo hata shilingi.

Huyo jirani anayeuza kwa wati sijui anarudisha mizigo mingapi. Hayo hayapostiwi.

Kwa hiyo wewe muuza viatu, wati zako ni ile "original" unayoandika kila siku. Muuza vipodozi, ni ile "siku saba". Muuza sufuria, ni ile "haishiki kabisa". Tafuta maswali matano ya bidhaa yako, yale ambayo mteja akishayajibu wewe mwenyewe unajua umuuzie nini, na wakati mwingine unajua usimuuzie.

Yule mzee wa Mgeta bado hajanunua tena kwangu, na simlaumu. Fungu la mwisho nilimtumia kwa simu, nikampigia kumuuliza kama limefika. Akasema limefika. Halafu akaniuliza: kwa banda la hatua kumi na mbili kwa nane, bati tupu, umeme wa TANESCO unaofifia jioni, wewe ungeweka mziki gani? Nikamjibu bila kumtajia bei.

Haya, tuambiane kwenye komenti: wewe unauza nini, na swali gani ungetakiwa kumuuliza mteja wako wa mwisho lakini hukumuuliza?